Nilinyooshwa tege nikabadilishiwa goti: maoni ya fundi wa milango kutoka Lamu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kaunta ya malipo na namna nilivyoruhusiwa kutoka wodini, na yote mawili nitayaeleza bila kuficha. Daktari aliyenipasua na binti aliyenifundisha kutembea upya, hao ningewapa zote tano.

Hospitali ni ya binafsi, iko Mombasa, na jina lake sitaliandika. Ninachokipima hapa ni huduma yenyewe: kubadilishiwa goti lililoharibiwa na baridi yabisi wakati mguu wenyewe ni tege. Watu wengi hapa kwetu wakisikia habari za goti la chuma, swali lao la kwanza ni chuma kimetoka nchi gani. Nami niliulizwa hivyo barazani kabla hata sijapewa pole. Kwa mwenye miguu minyoofu huenda swali hilo lina maana. Kwa mwenye matege, chuma ndiyo sehemu nyepesi. Kazi nzito ni kuunyoosha mguu na kuzisawazisha kano zake, na pesa yako itafaa au itapotea hapo.

Mimi ni fundi wa milango na nakshi, mtu wa Langoni. Miguu yangu ina tao tangu ujana. Tulipokuwa tukicheza mpira pale ufukweni maji yakipwa, wenzangu walikuwa wakiupitisha mpira katikati ya magoti yangu hali nimesimama miguu pamoja. Sikuona tabu. Kazi yetu hufanywa chini: unakaa kitako juu ya jamvi, ubao wa mbambakofi uko mbele yako, mguu mmoja umeukunja na mwingine unauzuia ubao usikimbie patasi. Nimekaa hivyo zaidi ya miaka arobaini. Goti la kushoto likaanza kuuma upande wa ndani, ule unaotazamana na goti jingine. Kwanza liliuma nikipanda ngazi tu, baadaye hata nikiwa kitandani.

Anayezijua nyumba za mawe za Lamu anazijua ngazi zake. Kila kidato kirefu, ukuta huku na huku, na hakuna pa kushika. Vyoo ni vya kuchutama. Ukitaka kwenda bara unashuka vidato vya gatini kuingia boti ya Mokowe, na maji yakiwa yamekupwa vidato vya chini vina ukoga. Punda ana haki ya njia kuliko wewe, na akija na mzigo wa mawe ni lazima urukie ukutani haraka. Mji huu UNESCO waliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mimi najivunia. Lakini walioujenga hawakumfikiria mtu mwenye goti bovu.

Niliyoyatumia kabla ya kufika hospitali ni yale yale ya kila mtu. Nilichuliwa kwa mafuta ya uto, nikaumikwa, nikala vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kuwaka, kisha nikachomwa sindano ya steroidi ndani ya goti, ikanipa nafuu ya miezi michache. Sidharau hata kimoja. Mafuta ya uto yalinipa usingizi siku nyingi, na mama aliyenichua ana mikono ya baraka. Ila hakuna kati ya hivyo kinachoirudisha gegedu, yaani ule mto laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, ikishasagika, wala kinachounyoosha mfupa.

Sasa nianze na kilichonifanya nimwamini huyu daktari. Kliniki nyingine niliyopita kabla yake walinilaza kitandani, wakapiga eksirei ya goti tupu, wakaniambia "limekwisha, utahitaji jipya," na bei nikaandikiwa papo hapo. Huyu alipoiangalia ile picha aliirudisha ndani ya bahasha. Akataka nipigwe nyingine nikiwa nimesimama, uzito wangu wote miguuni, na picha ianze nyongani iishie kwenye vifundo. Ilipotoka aliiweka kwenye kioo, akachukua rula, akavuta mstari kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja pale unapoingia nyongani mpaka katikati ya kifundo cha mguu.

"Mzee, mguu ulionyooka, huu mstari hupita karibu na katikati ya goti," akaniambia. "Tazama wako."

Wangu haukuligusa goti kabisa. Ulipita nje yake, upande wa ndani wa mguu, hewani. Pembe aliyoipima ilikuwa digrii 14.

Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi, maana hii ndiyo kazi yangu. Mlango mzito ukikaa upande, ubavu mmoja husugua kizingiti. Ukiupiga randa pale unaposugua bila kuurudisha wima, msimu wa pili unasugua tena. Daktari alisema hata mtu mnyoofu, akisimama, upande wa ndani wa goti hubeba zaidi ya nusu ya uzito, kama asilimia 60. Mwenye tege hubeba zaidi ya hapo. Gegedu ya ndani husagika, kisha mfupa ulio chini yake nao huanza kulika, na mfupa ukilika tege huzidi. Tege likizidi, uzito huhamia ndani zaidi. Mzunguko huo haujikati wenyewe. Na mifupa haiharibiki peke yake: kano za upande wa ndani, kwa kuwa zimekaa zimelegea muda mrefu, hujikunja na kukakamaa, na za nje zinavutwa kila siku mpaka zinalegea. Ndiyo maana kila hatua nilikuwa nalihisi goti likisukumwa nje kama linataka kuniacha.

Alinilaza akalisukuma goti kwa mikono yake miwili kuona kama tao litarudi. Lilirudi kidogo, likagoma. Ile sehemu iliyorudi, alisema, inatokana na gegedu na mfupa uliolika. Ile iliyogoma ni kano zilizokakamaa na vijipembe vya mfupa vilivyoota pembeni. Kwa hiyo alijua kabla ya kushika kisu kwamba kukata mifupa peke yake hakutatosha.

Nilimwuliza kuhusu ule upasuaji mwingine, wa kuukata mfupa wa muundi na kuunyoosha bila kutia goti jipya. Mpwa wangu alikuwa ameusoma kwenye simu. Akasema upo na ni mzuri, lakini unamfaa zaidi mtu mwenye umri mdogo ambaye upande mmoja tu wa goti ndio ulioharibika na mwingine bado mzima. Langu lilikuwa limekwisha ndani, na chini ya pia ya goti pia. Njia ilibaki moja.

Mazungumzo niliyoyapenda kuliko yote yakafuata. Nikamwambia, "Daktari, nitakulipa, lakini niwekee wima kama fremu ya mlango."

Akacheka. "Mzee, fremu haina kano."

Akanieleza kwamba kwa miaka mingi kanuni ya madaktari wa magoti imekuwa kuuweka ule mstari upite katikati, na wasikosee zaidi ya digrii 3 huku wala huku, kwa hofu kwamba goti lililokaa upande litalegea mapema. Bado wengi wanaifuata. Lakini mwaka 2012 madaktari wa Ubelgiji walichapisha utafiti waliowapima vijana wazima 250 wa miaka 20 hadi 27, wakakuta kwamba karibu thuluthi moja ya wanaume, asilimia 32, na asilimia 17 ya wanawake wana tao la asili la digrii 3 au zaidi bila ugonjwa wowote. Mtu wa namna hiyo ukimnyoosha mpaka mwisho, unampa mguu ambao hajawahi kuwa nao, na kano zake huenda zisikubali. Ndipo wengine siku hizi wanapendelea kumwachia mgonjwa tao dogo alilozaliwa nalo. Mjadala haujaisha, alisema, na yeye hafuati upande wowote kwa ushabiki. Atalenga karibu na unyoofu, na kama kano zikitaka digrii moja au mbili za tao, ataziachia.

Sijawahi kusikia fundi yeyote, wa mbao au wa mifupa, akimwambia mteja wazi kwamba mafundi wenyewe hawajaafikiana. Nilitia sahihi.

Kabla ya siku yenyewe walinikagua kwa makini. Sukari, presha, moyo, mkojo. Wakatazama na kinywa, wakakuta jino bovu ambalo nilikuwa nimelizoea, wakasema ling'olewe kwanza, kwa sababu vijidudu vya jino bovu vinaweza kusafiri na damu mpaka kwenye chuma. Mke wangu alikuwa amelisemea jino hilo kwa miaka. Akafurahi kuona imehitajika hospitali nzima kumsikiliza.

Upasuaji ulifanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo. Nilipewa na dawa ya kusinzia, lakini kwa sauti ya msumeno nilizinduka. Sikuhisi maumivu yoyote. Nilisikia nyundo pia, na nilitambua kwa sauti kwamba anayepiga anajua kuipima nguvu yake. Muuguzi aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia nashika zamu ya ukaguzi.

Yaliyofanyika ndani nilielezwa baadaye, kwa goti la plastiki la maonyesho alilonalo ofisini, na nitayaeleza nilivyoyaelewa. Mwisho wa mfupa wa paja hukatwa kipande chembamba, milimita 9 hivi. Hapo kuna hesabu: mfupa wa paja hauendi wima, huinama kutoka nyongani kuja gotini, kwa hiyo mkato lazima uachane na mfupa wenyewe kwa digrii 5 mpaka 7 ili mstari wa nyonga na kifundo utoke sawa. Juu ya muundi mkato huenda mraba na mfupa. Mikato hiyo haikadiriwi kwa jicho. Kuna kalibu za chuma zinazofungwa kwenye mfupa kwa misumari, na msumeno hupita ndani ya mwanya wa kalibu. Hilo lilinituliza sana.

Kisha akaja kwenye kunyoosha kwenyewe. Kwanza aliondoa vile vijipembe vya mfupa upande wa ndani. Kano ya ndani hupita juu yake ikiwa imetutumka, na vikiondoka inapata nafasi ya kurefuka. Mara nyingi hatua hiyo peke yake hurudisha sehemu kubwa ya unyoofu. Baada yake alizilegeza nyama na kano za ndani na za nyuma ya goti kidogo kidogo, akilegeza na kupima, akilegeza na kupima. Kuna vipande vya kupimia vinavyotiwa katika nafasi iliyobaki kati ya paja na muundi. Nafasi hiyo inatakiwa iwe sawa ndani na nje, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa. Akilegeza pungufu, mguu unabaki tege na plastiki mpya inaliwa upande mmoja. Akizidisha, goti linayumba, na hapo atahitaji goti la aina nyingine, kubwa zaidi, lenye kujizuia lenyewe, ambalo lina matatizo yake. Aliniambia huwa anatumia muda mwingi zaidi hapo kuliko kwenye chuma chenyewe. Kwangu upasuaji ulipita saa mbili.

Chuma ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu upande wa paja, sahani ya titani juu ya muundi, na katikati plastiki ngumu ya poliethilini inayofanya kazi ya gegedu. Vyote viligandishwa na saruji ya mifupa. Basi, hayo ndiyo ya chuma.

Upande wa ndani wa muundi wangu mfupa ulikuwa umelika mpaka kuna shimo. Shimo dogo hujazwa saruji au kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliokatwa. Langu lilikuwa kubwa, likatiwa kabari ya chuma chini ya sahani, na sahani ikapewa mkia mrefu unaoingia ndani ya mfupa ili ishike imara. Daktari alikuwa amenionya kwamba huenda ikahitajika. Kaunta ya malipo haikuwa imenionya.

Basi nizungumzie kaunta. Makadirio niliyopewa yalikuwa karatasi moja yenye jumla moja. Siku ya kutoka bili ilikuja na mstari wa "vifaa vya ziada" uliozidisha hesabu kwa kiasi ambacho mtu wa Lamu anaweza kununulia punda kadhaa. Jumla ilipita laki sita. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ililipa sehemu. Nyingine tulichanga, na waliochanga nawaombea kheri kila siku. Nilipomwuliza karani huo mstari ni wa nini, aliniambia nimwulize daktari. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Kijana wangu alisimama pale kaunta tangu asubuhi mpaka adhuhuri kupata maelezo ya kifaa ambacho kilikuwa tayari kimo ndani ya mfupa wangu. Kifaa sikatai, kilihitajika. Lakini daktari aliyeiona ile picha ndefu alijua shimo lipo, na kaunta ingeweza kuandika makadirio mawili: bila kabari, na pamoja na kabari. Mimi nikimfanyia mtu mlango humwambia bei ya nakshi nyepesi na ya nakshi nzito kabla sijagusa ubao.

La pili ni kuruhusiwa kutoka. Nilipewa karatasi ya Kiingereza, mfuko wa dawa, na pole. Hakuna aliyeniuliza naishi wapi. Ningefika kwa basi kutoka Mombasa, nipite Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, mchana kutwa goti likiwa limekunjwa kwenye kiti, kisha boti. Kwa mtu aliyetoka kubadilishiwa goti hatari kubwa ya safari ni damu kuganda mguuni, na donge likipanda mapafuni linaweza kuua. Aliyeniuliza ni yule binti wa mazoezi ya viungo, alipokuja kuniaga.

"Babu, unakwenda Lamu kwa basi leo? Hapana, babu. Hapana."

Akamkamata daktari wa zamu, sindano zangu za kuzuia damu kuganda zikaelezwa moja moja kwa Kiswahili, nikabaki kwa binti yangu Mombasa mpaka mguu ulipotulia. Tuliposafiri tulikata tiketi ya kiti cha njiani, nikawa nashuka kila basi linaposimama na kutembea kidogo kwa magongo, na ndani ya basi napiga kisigino juu na chini kama alivyonifundisha. Barabara ya Garsen siku hizi ni lami, alhamdulillah. Zamani safari ile peke yake ingetosha kulitoa goti jipya mahali pake.

Chakula cha wodini sina la kukisema. Binti yangu aliniletea wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikasahau kwamba kilikuwepo kingine.

Mazoezi ndiyo nusu ya pili ya huduma, na nusu hiyo haipendezi. Walinisimamisha kesho yake asubuhi. Nilidhani ni mzaha. Maumivu ya wiki za mwanzo ni makali kuliko yale ya baridi yabisi, tusidanganyane, na usiku ndiyo hukolea. Watu hukazania kulikunja goti, lakini yule binti alinikazania zaidi kulinyoosha mpaka mwisho: kisigino juu ya mto, goti halina kitu chini yake, na mtu ajizuie kutia mto chini ya goti hata kama kuna raha. Goti lisiponyooka kabisa mapema, linazoea, na utachechemea maisha. Lengo la kwanza la kukunja ni digrii 90, ndipo ukae kitini vizuri. Mimi sasa nimepita 110. Hapa Lamu niliendelea na mazoezi katika hospitali ya kaunti, na kijana aliyenishughulikia alisoma barua ya Mombasa mstari kwa mstari kabla ya kunigusa. Kwake hakuna ninachokilalamikia.

Kuna mambo ya kunyooshwa ambayo sikuyasoma popote, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Mguu wenye tao ukinyooka, unarefuka. Wa kushoto ukawa mrefu kuliko wa kulia ambao bado ni tege. Wiki nyingi nilitembea kama mtu ambaye mguu mmoja umo ndani ya mtaro wa uchochoro wetu. Nikawekewa soli ndani ya kiatu cha kulia, ikasaidia. Kifundo cha mguu wa kushoto nacho kikauma, kwa sababu unyayo ulikuwa umezoea kuinama kulifidia tege, na sasa ukalazimika kukaa bapa. Daktari akasema ni kawaida na hupungua, kimepungua. Akili pia huchelewa. Mke wangu akinitazama kutoka dakani alikuwa akisema, "Umenyooshwa mguu, mwendo umebaki ule ule." Ilibidi nitembee mbele ya kioo cha kabati kama bwana harusi.

Ngozi ya upande wa nje wa kovu imekufa ganzi, na nimeambiwa huenda isirudi yote. Goti hutoa sauti ya kugonga nikipanda ngazi. Lilikuwa na joto kwa miezi. Sichutami, na choo kimebadilishwa. Msikitini naswali juu ya kiti. Daktari hakunikataza kupiga magoti, alisema chuma hakiharibiki kwa hilo, lakini nilipojaribu kwenye godoro niliona heri kiti. Kukaa kitako kwenye jamvi kuchonga nimekuacha. Nimejitengenezea meza ndefu, nachonga nimesimama au nimekaa kwenye stuli, na mkono umelazimika kujifunza pembe nyingine. Vijana karakanani wanasema nakshi zangu sasa zina kina zaidi. Sijui kama ni sifa au wananifariji.

Faida? Ngazi napanda. Usiku nalala. Nimetembea kwa njia ya ufukweni mpaka Shela na kurudi, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Picha niliyopigwa baadaye, ile ndefu ya kusimama, mstari unapita gotini karibu na katikati, na zimebaki digrii 2 za tao. Daktari alizionyesha kwa kidole akasema, "Hizi nimekuachia, ni zako." Barazani wameamua kuniita Nusu Tege.

Wanaoniuliza kama nao wafanye huwajibu hivi. Kati ya waliobadilishiwa goti kuna kama mmoja katika watano ambaye haridhiki, hata pale upasuaji ulipokwenda vizuri. Kuna maambukizi, kwa kama mtu mmoja katika mia, na hayo ni balaa kwa sababu chuma huenda kikatolewa. Upande wa pili, utafiti mkubwa uliotoka 2019 katika jarida la Lancet ulikuta kwamba takriban asilimia 82 ya magoti ya namna hii hudumu miaka 25. Kwa umri wangu hiyo inanitosha na kubakiza. Kama bado unatembea kwenda soko la samaki na kurudi bila kusimama, na vidonge vya mara moja moja vinakutosha, subiri, punguza uzito, imarisha msuli wa paja. Kama goti linakuamsha usiku na tege linazidi mwaka hadi mwaka, usisubiri mpaka mfupa ufanye shimo kama langu, maana shimo ndilo lililoleta kabari, na kabari ndiyo iliyoleta ile bili.

Ukifika kwa daktari, omba picha ndefu ya kusimama. Akikuambia haihitajiki na wewe una matege, mwulize atajuaje kiasi cha kunyoosha. Mwulize pia ana mpango gani na kano za ndani, na kama kuna mfupa uliolika atautia nini. Anayeijua kazi hatakasirika; wangu alivuta kiti.

Akina mama wanaoniletea watoto wadogo wenye matege niwaangalie, hao huwaambia mimi ni fundi mlango. Ila nililolisikia kwa daktari nalipitisha: mtoto wa chini ya miaka miwili kuwa na tao ni kawaida na wengi hunyooka wenyewe. Likizidi badala ya kupungua, au mguu mmoja ukiinama kuliko mwenzake, au akifika miaka mitatu bado, apelekwe apimwe, kwa kuwa kuna matege ya ukosefu wa vitamini D na mengine ya mfupa wenyewe, na utotoni yanatibika kwa wepesi.

Goti la kulia litafanywa baada ya Maulidi, kwa daktari yule yule. Picha yake nimeshapiga: digrii 11, mfupa umelika kidogo tu. Safari hii nimeomba makadirio mawili kwa maandishi, na kijana wangu ameyapeleka kaunta wayagonge muhuri.